Mzee alifia mkoa mwingine, tukamzika kijijini, cheti cha kifo hatuna. Naanzia wapi?

Msambaa_wa_Buguruni

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada kwa yeyote anayeyajua haya mambo ya vyeti vya kifo maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Iko hivi, mzee wetu alifariki 2012 kwenye hospitali moja mkoani Morogoro, ndiko alikokuwa anafanya kazi, tukamsafirisha tukaenda kumzika nyumbani Usambaani, arobaini ikapita watu wakatawanyika basi. Cheti hakuna aliyekiwaza. Mimi nilikuwa shule, na wazee walioshika ule msiba wengi nao wameshatangulia. Sasa mdogo wetu wa mwisho kamaliza kidato cha sita anataka kuomba mkopo wa chuo, kule wanamtaka aweke cheti cha kifo cha baba. Halafu kuna kiwanja Chanika kipo kwa jina la mzee, tumeambiwa hakiguswi mpaka ifunguliwe mirathi, na mirathi haifunguliwi bila cheti cha kifo. Yani kila mlango ufunguo wake ni hiko hiko cheti.

Tulichonacho mkononi ni kibali cha mazishi, tena fotokopi, orijino anayo mama mkubwa, yani mke mkubwa wa mzee, kijijini na hataki kuitoa kwa sababu kasikia habari za kiwanja anajua tunataka kukiuza tumtose. Tuna kadi ya kupigia kura ya mzee na karatasi ya mauziano ya kiwanja. Na majina ndio balaa, kibali kinasema Hamisi Saidi, kadi ya kura Hamis Said Mbaruku, mauziano H. S. Mbaruku. Ni mtu huyo huyo mmoja.

Nilienda kuulizia wilaya tulikomzika wakaniambia sio kwao. Hapa Dar jamaa akaniambia unaomba tu mtandaoni popote ulipo. Nipo njia panda wakuu, dirisha la mikopo nalo halisubiri mtu.

chapchap_tz

Mkuu unajitesa bure. Nenda pale nje ya ofisi yoyote ya wilaya kuna vijana wamekaa na bahasha za kaki, mpe elfu themanini na majina, jioni unachukua cheti chako safi na mhuri. Mambo ya kuzunguka mikoani mwaka huu?

Karani_Mstaafu

Poleni kwa msiba hata kama ni wa zamani. Huyo hapo juu msimsikilize, nitamrudia.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye masijala ya wilaya, vizazi na vifo vyote vimepita mikononi mwangu kwaiyo nikueleze taratibu. Kitu cha kwanza, kifo kinasajiliwa wilaya kilipotokea, sio alipozikwa na sio wanapoishi watoto. Mzee kafia Morogoro basi rejista yake ni ya wilaya ile ya Morogoro ambayo hospitali ipo. Waliokwambia kijijini sio kwao walikwambia ukweli, wala hawakukunyanyasa. Na huyo jamaa wa mtandaoni naye hajadanganya ila kasema nusu, ni kweli siku hizi maombi yanaingia kwenye eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ukiwa popote, unajaza, unaskani viambatanisho, unapata kontroo namba, yani namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, lakini ndani ya ile fomu bado utaulizwa kifo kilitokea wapi na watakaokagua wataangalia kumbukumbu za hapo. Mtandao umekupunguzia nauli tu, utaratibu ni ule ule.

Kwa asiyejua, wilayani ofisi ya RITA usiitafute halmashauri, ipo kwa mkuu wa wilaya, msajili wa vizazi na vifo wa wilaya kisheria ni katibu tawala wa wilaya. Watu wanazunguka halmashauri kutwa nzima wanatafuta dirisha la vyeti. Dar makao makuu yapo kwenye lile jengo la RITA Tower mjini.

Pili. Watu wengi wanachanganya karatasi tatu. Mtu akifia hospitali, hospitali inaandika taarifa ya kifo, jina, umri, tarehe, sababu ya kifo. Kisha kinatoka kibali cha mazishi ili mwili utoke na uzikwe. Hivyo viwili SIO cheti. Cheti ndio kile kinachotoka kwa msajili baada ya kifo kuingizwa kwenye rejista. Sheria yetu sura ya 108 inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, lakini sisi tukishapata kibali tukazika tunaona kazi imeisha, kibali kinaingia kwenye kabati na Kurani au Biblia mpaka siku mtoto anadaiwa cheti. Na tusiwalaumu sana wazee, hii sheria ni ya tangu Mwingereza, 1920, na mwanzoni Mwafrika hakulazimishwa kusajili, kwaiyo babu zetu wengi wamekufa bila karatasi yoyote na desturi ikaendelea hivyo hivyo.

Kwako wewe, huo umeshakuwa usajili uliochelewa, unafanyika ila wanakagua zaidi, usitegemee kuingia asubuhi utoke na cheti mchana. Anzia HOSPITALI kabla ya ofisi ya wilaya. Nenda na tarehe kamili ya kifo, waombe wakutafutie kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za hospitali, na rejista ya mochwari. Rejista ya mochwari watu wanaisahau lakini ndio inaokoa wengi kwa sababu mwili hautoki bila mtu kuandikwa kauchukua. Wakimpata, waombe barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba fulani alifia hapa tarehe fulani. Ukiwa na barua hiyo hata fotokopi yako ya kibali inapata nguvu, na huyo mama mkubwa hana tena cha kukubania.

Msambaa_wa_Buguruni

Mzee wangu nashukuru sana, yani umenifungua macho. Hospitali nilipiga simu wakasema vitabu vya zamani vipo stoo na aliyekuwa na funguo kahamishwa 😅. Nikimtuma mtu akienda physically hawawezi kumzungusha?

Karani_Mstaafu

Aende mwenyewe na barua ya kuomba, imeandikwa kwa mganga mfawidhi, na kopi yako moja ikagongwe mhuri wa kupokelewa. Simu hazitafuti vitabu stoo. Ombi la maandishi lililopokelewa lazima lijibiwe, hata wakijibu hawajaona, hilo jibu nalo ni kiambatanisho.

BintiTandika

Mimi nimetoka huko kwenye mirathi ya mama juzi tu kwaiyo niongezee kwenye MAJINA maana naona hujapewa jibu na hapo ndipo utakapolia.

Msikimbilie kusema "tutarekebisha huko mbele". Cheti kikitoka Hamisi Saidi na kiwanja ni H. S. Mbaruku, hakimu atakuuliza huyu Mbaruku ni nani, na benki ndio kabisa, benki herufi moja ikizidi wanakurudisha. Cheti kikishatoka kukirekebisha ni maombi mengine na malipo mengine. Kwaiyo kabla hamjabonyeza kutuma, kaeni kama familia mkubaliane jina gani litaingia, na liwe lile lililopo kwenye karatasi nyingi za mali na vitambulisho, sio lile mlilozoea kumwita nyumbani.

Nilivyofanya mimi, mama alikuwa na majina mawili la kikristo na la kwao. Mtu wa steshenari akaniambia nikafanye dipoli, ile hati ya kubadili jina. Nikaenda kwa wakili akacheka, akasema dipoli anaapa mwenye jina mwenyewe, marehemu hawezi kuapa, kinachofanyika ni kiapo cha mtu anayemfahamu, kwamba majina haya na haya yalikuwa ya mtu mmoja. Akaapa mjomba, mdogo wake mama wa kuzaliwa, mbele ya yule wakili, akagonga mhuri. Kiapo hicho nikakiambatanisha kwenye maombi ya cheti na nikakitumia tena mahakamani na tena benki. Tengeneza kopi nyingi zilizothibitishwa, kila ofisi inataka ya kwake na hakuna inayorudisha.

Barua ya serikali ya mtaa nayo usisahau. Kwako naona itabidi itoke kule kijijini alikozikwa, mtendaji aandike kwamba mzee fulani alizikwa hapa mwaka fulani na ndugu zake ndio hawa. Watu wa kule wanakumbuka, msiba wa kijijini hausahauliki mtu aliyeletwa na gari kutoka mkoa mwingine.

udaktari_bado

Dogo aangalie sana hapa kwenye mkopo. Bodi ya mikopo haitaki cheti tu, inataka cheti KILICHOHAKIKIWA na RITA. Unaskani unapandisha kwenye eRITA sehemu ya uhakiki, unalipia, wanakujibu kimekubaliwa au kimekataliwa, ndio unaenda nacho kwenye mfumo wa mikopo. Hiyo ni pamoja na cheti cha kuzaliwa chake yeye. Mimi nilihakiki vyote viwili na foleni ya mtandaoni kipindi cha dirisha ni kubwa kwaiyo aanze cha kuzaliwa SASA HIVI wakati mnahangaika na cha mzee.

Na ndio maana ushauri wa chapchap ni sumu, kile cha bahasha ya kaki namba yake haipo kwenye rejista, kikifika kwenye uhakiki kinarudi kimekataliwa. Darasani kwetu kuna jamaa yalimkuta, mkopo akakosa mwaka wa kwanza mzima na hakujua kama kile cheti ni cha kugushi, alitafutiwa na ndugu.

chapchap_tz

Jamani si nimetoa wazo tu. Mimi yule wa bahasha alinisaidia cha kuzaliwa na hakikunisumbua.

udaktari_bado

Umeshawahi kukihakiki?

chapchap_tz

...

Karani_Mstaafu

😂 Kakihakiki kijana wangu, bora ujue mapema ukiwa nyumbani kuliko ujue siku ya pasipoti. Hao vishoka wana aina mbili, wapo wanaokupangia foleni tu halafu karatasi inatoka ofisini kihalali, na wapo wanaochapisha wenyewe steshenari. Ukiwa umesimama nje huwezi kuwatofautisha na wala usijaribu.

Mtumbatu

Assalaam alaykum. Kwa wasomaji wa huku visiwani, RITA ni ya bara, sisi tuna wakala wetu wa usajili wa matukio ya kijamii, ule uliokuja na sheria namba 3 ya 2018. Kwetu kila kitu kinaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Mtu kafia nyumbani, sheha ndio anaarifiwa na barua yake ndio unayokwenda nayo ofisi ya wilaya. Nasema haya kwa kuwa kuna mtu alinipigia kutoka Tanga baba yake kafia Pemba, kahangaika na eRITA muda wote akidhani Tanzania ni moja. Kifo cha Unguja au Pemba rekodi yake ipo Zanzibar, na bodi ya mikopo wanaukubali uhakiki wa huku pia.

Shekhe nakuombea wepesi. Na huyo mama mkubwa msimgombeze, ni mke wa marehemu.

Kadzo_wa_Likoni

Hapa Kenya nasi shida ni hiyo hiyo tofauti ni majina ya fomu. Ukifia hospitali wanajaza D1, ukifia nyumbani unaenda kwa naibu wa chifu anajaza D2, hapo unapewa pamiti ya kuzika. Halafu watu wanazika wanasahau. Ikipita miezi 6 inakuwa usajili wa kuchelewa na maswali yanaongezeka. Kuomba cheti chenyewe ni kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwetu naibu wa chifu ndiye kila kitu kwa hivyo akihamishwa ama astaafu mnaanza kumtafuta mpaka kwake. Poleni majirani.

BabaAsha77

Samahani kwa kudandia uzi. Je aliyefia NYUMBANI kijijini na hakuna hospitali wala kibali chochote? Bibi yetu 2016, tulizika kesho yake saa nne asubuhi.

Karani_Mstaafu

BabaAsha, inawezekana. Hapo anayebeba mzigo ni mtendaji wa kijiji au kata, anaandika taarifa kwamba kifo kilitokea kwenye eneo lake. Pelekeni na kitambulisho chochote cha bibi, hata kadi ya kliniki, na ndugu aliyekuwepo anakula kiapo. Wengine wanatakiwa na muhtasari wa kikao cha familia, uandikeni kabisa wote wasaini. Sababu ya kifo hapo huwa wanaandika kwa maelezo ya ndugu, msitunge ugonjwa. Mkisema uzee na aliugua muda mrefu inatosha. Kama ingekuwa ajali ya barabarani au kifo cha utata ni habari nyingine, huko lazima karatasi za polisi na ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili ziwepo.

Sasa nirudi kwa Msambaa, nimeusoma tena uzi wako usiku nikaona kitu. Umesema mzee alikuwa KAZINI Morogoro. Kazi ya kuajiriwa? Alikuwa anakatwa NSSF au mfuko mwingine wowote wa hifadhi ya jamii?

Msambaa_wa_Buguruni

Ndiyo alikuwa ameajiriwa kiwandani. NSSF nadhani alikuwa nayo, sina uhakika, mbona?

Karani_Mstaafu

Kwa sababu mafao ya urithi hayatoki bila cheti cha kifo na barua ya mahakama ya msimamizi. Kama kuna mtu alifuatilia mafao ya mzee baada ya msiba, basi cheti kilishatolewa, na mirathi ilishafunguliwa mahali fulani. Mara nyingi mwajiri mwenyewe ndio anasukuma hayo ili faili lifungwe. Hapo utakuwa unataka kusajili kifo ambacho kimeshasajiliwa, na ukipeleka maombi mapya yenye jina tofauti unatengeneza vifo viwili vya mtu mmoja, huo mkorogo kuutoa ni kazi kweli kweli.

Kwaiyo siku ukifika Morogoro usiingie unasema nataka kusajili kifo. Omba kwanza WATAFUTE kwenye rejista. Wape tarehe, wape yale majina yote matatu, watafute kuanzia mwezi wa kifo kwenda mbele mpaka mwaka unaofuata maana ingizo linakaa siku liliposajiliwa.

Msambaa_wa_Buguruni

Eeh! Ngoja nimpigie baba mdogo.

BintiTandika

Mkuu na kama mirathi ilifunguliwa msifungue nyingine, mtaangukia kwenye kesi. Tafuteni ilifunguliwa mahakama ipi ya mwanzo na nani aliteuliwa. Msimamizi anatakiwa alete orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, kwaiyo kwenye faili utaona kama kiwanja cha Chanika kiliorodheshwa au kilirukwa. Na kumbuka cheti cha kifo hakimpi mtu urithi wala hakimnyimi, ni ushahidi tu kwamba mtu kafa. Mweleze mama mkubwa hivyo hivyo.

Msambaa_wa_Buguruni

Wakuu nimerudi. Baba mdogo anasema ni kweli kuna hela za mafao zilitoka 2013, mama mkubwa ndio alisimamia akisaidiwa na mtu wa pale kiwandani, wakagawana na bibi aliyekuwa hai, sisi upande wa mama yetu tulipewa ada ya muhula tukadhani ni mchango wa ukoo 😶. Kwaiyo cheti kipo! Yani miaka yote hii kipo kabatini kwake na fotokopi ya kibali ndio ametuachia.

Kaka yangu anataka kwenda kijijini kesho na mwenyekiti wa kijiji na mgambo.

Mtumbatu

Mgambo tena! Mwambie kaka akae.

BintiTandika

Msiende na mwenyekiti. Nendeni na mtu mzima wa ukoo anayemheshimu, na mpelekeni huyo dogo mwenyewe anayetaka kusoma. Aombe cheti cha kifo cha baba yake kwa ajili ya shule. Kiwanja msikitaje siku hiyo, kina siku yake na hata yeye ana sehemu yake pale.

Karani_Mstaafu

Na hata akikataa hamjakwama. Kifo kikiwa kimesajiliwa, ingizo lipo kwenye rejista na mtoto wa marehemu anaruhusiwa kuomba nakala yake kutoka kwa msajili, hahitaji ruhusa ya mama mkubwa. Msiende polisi kuripoti kwamba kimepotea wakati mnajua kipo kwake, hiyo ni taarifa ya uongo. Ombeni nakala tu kwa kueleza kwamba iliyopo iko kwa mwanafamilia mwingine. Mkipata namba ya ingizo kwake hata kwa kupiga picha kwa simu, kazi inakuwa nyepesi zaidi, na mwangalie cheti kiliandikwa jina gani kati ya yale matatu ndio mjue kiapo cha majina kinahitajika au la.

udaktari_bado

Na kikiwa ni kile cha zamani cha kuandikwa kwa mkono pigeni picha vizuri au skani kabisa steshenari, pembe zote nne zionekane na mhuri usomeke. Vingi vinakataliwa kwenye uhakiki kwa sababu ya picha mbovu tu.

Msambaa_wa_Buguruni

Sawa. Dogo anaondoka na shangazi alfajiri na basi la Lushoto, kaka nimemwambia abaki. Cha kuzaliwa chake tumeshakituma uhakiki leo, kontroo namba tayari tumelipa. Wakirudi na cheti nitaleta mrejesho, wasiporudi nacho nakwenda Morogoro na yale majina matatu.